Mzee ameanza kuyumba: mazoezi, nyumba, dawa au uchunguzi kamili?

Mzee akianguka mara moja, kila mtu ndani ya familia hugeuka fundi. Huyu anataka vishikio bafuni, yule anataka fimbo ya kutembelea, wa tatu amesikia kwamba vitamini D huimarisha mifupa, na binti mkubwa anashikilia kuwa mzee asitoke tena peke yake. Wote wanampenda na wote wana hoja. Lakini fedha ni zilezile, muda ni uleule, na mzee mwenyewe hatavumilia kubadilishiwa maisha yote ndani ya wiki moja. Inabidi kuchagua pa kuanzia.

Tatizo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaokufa zaidi ni wenye umri unaozidi miaka 60. Matukio mengine milioni 37.3 kwa mwaka huwa makali kiasi cha kuhitaji matibabu. Na kwa wazee wa miaka 65 na zaidi wanaoishi majumbani mwao, takriban mmoja kati ya watatu huanguka walau mara moja kwa mwaka.

Nitalinganisha njia nne zilizopimwa kwa majaribio ya kutosha: mazoezi ya balansi na nguvu, kurekebisha nyumba, kupitia upya dawa, na uchunguzi kamili wa vihatarishi vyote kwa pamoja. Mambo mengine yanayotajwa sana, kama miwani na vitamini D, nitayagusa mwishoni kwa ufupi.

## Kwanza, watu huangukaje hasa?

Ukimuuliza mtu kwa nini mzee wake alianguka, jibu la kawaida ni "aliteleza". Watafiti wa Kanada wakiongozwa na Stephen Robinovitch waliamua kutouliza mtu, bali kutazama. Walitumia kamera katika maeneo ya pamoja ya nyumba mbili za kulelea wazee, wakapata picha za video za matukio 227 ya watu 130, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Sababu iliyoongoza, kwa asilimia 41, ilikuwa kuhamisha uzito wa mwili vibaya: mtu anageuka, ananyoosha mkono, anaketi, na mwili unaelekea upande ambao miguu haijajiandaa kuupokea. Kujikwaa kulifuata kwa asilimia 21. Kuteleza kulikuwa asilimia 3 tu.

Tuwe waangalifu: hizo ni nyumba za kulelea wazee, na kamera hazikuwekwa bafuni. Haimaanishi sakafu yenye maji haina neno. Ila picha hizo zinatusaidia kuelewa kwa nini familia inaweza kununua zulia jipya na vishikio vya kila aina, na bado mzee akaangukia katikati ya sebule iliyo kavu na yenye mwanga, akigeuka tu kumjibu aliyemwita.

## Vigezo vya kulinganisha

Kila njia nitaipima kwa mambo matano.

Ushahidi: inapunguza nini? Kupunguza kuanguka si sawa na kupunguza mifupa iliyovunjika. Njia nyingi zimethibitika kwa la kwanza na kubaki na alama ya kuuliza kwa la pili, kwa sababu kuvunjika nyonga ni tukio la nadra kiasi kwamba jaribio linahitaji maelfu ya watu ili kuona tofauti.

Muda: inachukua muda gani kabla ya kuonekana faida, na faida hiyo inadumu?

Mzigo: inamgharimu nini mzee na wanaomtunza, si kwa fedha tu bali kwa jasho na kwa heshima yake pia?

Madhara: inaweza kumdhuru?

Inayemfaa: walionufaika katika utafiti walikuwa watu wa namna gani? Hiki ndicho kigezo kinachosahaulika zaidi, na kwa maoni yangu ndicho kinachoamua.

## Mazoezi ya balansi na nguvu

Ushahidi. Hapa ndipo palipochimbwa kuliko pengine pote. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yaliyoongozwa na Catherine Sherrington, yalikusanya majaribio 108 yenye washiriki 23,407 kutoka nchi 25. Mazoezi yalipunguza matukio ya kuanguka kwa asilimia 23. Kwa hesabu ya kawaida: ikiwa wazee 1,000 wasiofanya mazoezi wangeanguka jumla ya mara 850 kwa mwaka, wanaofanya wangeanguka mara 195 pungufu. Idadi ya watu walioanguka hata mara moja ilishuka kwa asilimia 15. Kwa hiyo usimwahidi mzee kwamba hataanguka tena. Mwahidi kwamba ataanguka mara chache kuliko asipofanya mazoezi.

Ila si kila zoezi. Yale ya balansi pamoja na vitendo vya kila siku yalipunguza matukio kwa asilimia 24, na yakichanganywa na mazoezi ya nguvu punguzo lilifika asilimia 34. Tai Chi, mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole, nayo inasaidia, kwa takriban moja ya tano. Kutembea peke yake? Ushahidi hautoshi kusema kunazuia kuanguka. Hili huwashangaza wengi, maana ushauri wa kwanza anaopewa mzee ni "tembea tembea kidogo". Kutembea kuna faida zake kwa moyo na kwa usingizi, lakini miguu inayokwenda mbele kwa mwendo uleule haifundishwi kujiokoa mwili unapokwenda mrama.

Programu inayojulikana zaidi ilitoka Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, kwa John Campbell na Clare Robertson. Jaribio lao la kwanza, la mwaka 1997, lilihusu wanawake wa miaka 80 na kuendelea. Mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, aliwafuata nyumbani, akawapa vizito vya kufunga kwenye vifundo vya miguu, akawapangia mazoezi ya kama nusu saa mara tatu kwa wiki pamoja na kutembea. Majaribio manne ya programu hiyo yalipounganishwa, yakiwa na watu 1,016, kuanguka kulipungua kwa asilimia 35, na majeraha yakapungua kwa kiasi hichohicho.

Kuhusu mifupa kuvunjika, dalili ni nzuri ila ushahidi ni hafifu. Jaribio kubwa la Uingereza liitwalo PreFIT, lenye washiriki 9,803 na lililochapishwa mwaka 2020, lilituma ushauri kwa posta kwa wote, kisha baadhi ya makundi yakaongezewa mazoezi au uchunguzi kwa waliobainika kuwa hatarini. Mifupa iliyovunjika haikupungua kuliko kwa waliopata ushauri wa posta peke yake. Ni matokeo yasiyopendeza, lakini hayafichiki.

Tazama zoezi moja kwa karibu: kuinuka kitini. Mzee anaketi kwenye ukingo wa kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Anarudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti, anainamisha kifua mbele hadi pua ielekee juu ya vidole vya miguu, kisha ananyanyuka bila kujisukuma kwa mikono. Kushuka ndiko kwenye kazi: polepole, asijibwage. Akishindwa, aanze kwa kushikilia kiti kwa mikono yote miwili, baadaye mmoja, baadaye bila. Ndani ya tendo hilo moja mna nguvu za mapaja na mna ule ule uhamishaji wa uzito uliowaangusha watu wa kwenye video.

Muda. Usitarajie lolote kwa wiki mbili. Ni miezi, na faida hupungua mtu akiacha. Programu zilizofanikiwa zaidi zilikuwa na walau saa tatu kwa wiki.

Mzigo. Ni mkubwa kwa mzee, mdogo kwa mfuko. Asiyependa "mazoezi" anaweza kuyaingiza kwenye shughuli zake: kusimama kisigino mbele ya kidole wakati wa kuosha vyombo, kukunja magoti badala ya mgongo anapookota kitu. Lindy Clemson na wenzake wa Australia walilijaribu wazo hilo kwa watu 317 wa miaka 70 na zaidi ambao tayari walikuwa wameanguka. Kuanguka kulipungua kwa asilimia 31.

Madhara. Maumivu ya misuli na viungo, kwa kawaida madogo. Lakini kuna tahadhari moja isiyosemwa vya kutosha. Katika jaribio la mwaka 2014, wazee waliotoka tu hospitalini walipewa mazoezi ya kufanya nyumbani. Wakatembea vizuri zaidi, na wakaanguka zaidi. Zoezi linalompa mtu dhaifu nguvu ya kwenda asikofika jana linataka mtu wa kumsimamia.

Inayemfaa. Karibu kila mzee anayeweza kusimama na kufuata maelekezo, awe amewahi kuanguka au la.

## Kurekebisha nyumba

Ushahidi. Njia hii ndiyo familia huikimbilia, kwa sababu inaonekana kwa macho na haimtaki mzee afanye lolote. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023 yalionyesha kuwa kuondoa hatari za nyumbani kulipunguza kuanguka kwa asilimia 26 kwa jumla. Ukiwagawa watu kulingana na hatari, picha inabadilika kabisa: kwa waliokuwa na hatari kubwa, kwa mfano walioanguka karibuni au wanaohitaji msaada wa shughuli za kila siku, punguzo lilikuwa asilimia 38; kwa wazee wa kawaida ambao hawakuchaguliwa kwa kigezo hicho, faida haikuonekana. Mifupa kuvunjika haikuonekana kubadilika.

Ni tofauti kubwa kwa kitu kilekile. Kishikio cha bafuni kwa mama wa miaka 68 anayepanda ngazi akiimba ni pambo. Kwa baba wa miaka 82 anayeshika kuta akienda chooni ni kitu kingine.

Na kuna jambo linalochekesha kidogo. Katika jaribio la Sydney la mwaka 1999, wataalamu wa tiba kazi, yaani wanaowasaidia watu kumudu shughuli zao za kila siku, waliwatembelea wazee nyumbani. Kati ya waliokuwa na historia ya kuanguka, matukio yalipungua ndani ya nyumba na nje pia. Zulia lililoondolewa sebuleni haliwezi kumlinda mtu barabarani. Pengine mgeni yule aliacha kitu kingine zaidi ya kuhamisha samani: alimfanya mzee ajiangalie anavyokwenda.

Ndiyo maana kazi hii ikifanywa na mtu mwenye ujuzi huzaa zaidi kuliko karatasi yenye orodha. Mtaalamu hamuulizi mzee "je, bafuni ni salama?" Humwambia: nionyeshe unavyokwenda chooni usiku. Mzee analala kitandani, anainuka, na hapo ndipo mambo yanapoonekana: swichi ya taa iko upande wa pili wa chumba, kandambili ziko chini ya kitanda, anapofika mlangoni anashika ukingo wa kabati ambalo lenyewe linacheza, kizingiti kina urefu wa vidole viwili na rangi yake ni sawa na sakafu.

Muda. Faida inaanza siku hiyohiyo taa inapowashwa. Inadumu mradi vitu visirudi mahali pake pa zamani, na hurudi.

Mzigo. Gharama hutofautiana sana. Kuhamisha waya na kuweka taa ya usiku ni kazi ya nusu saa. Kubadilisha bafu ni ujenzi. Mzigo wa heshima ni mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Nyumba ni ya mzee, na mwanawe anayekuja kuondoa zulia bila kuuliza atalikuta limerudi.

Madhara. Machache. Kishikio kilichofungwa kwenye ukuta dhaifu ni kibaya kuliko kutokuwa na kishikio, kwa kuwa mtu hukiegemea kwa uzito wake wote.

Inayemfaa. Aliyeanguka tayari, anayeona vibaya, anayetoka hospitalini, anayehitaji kusaidiwa kuoga au kuvaa.

## Kupitia upya dawa

Ushahidi. Ni wa ajabu kidogo: una nguvu sana sehemu moja na ni hafifu kwingine. Campbell na wenzake wa New Zealand, walewale wa Otago, walichapisha mwaka 1999 jaribio dogo la watu 93 waliokuwa wakitumia dawa za usingizi, za wasiwasi, za sonona na nyinginezo zinazofanya kazi kwenye ubongo. Kundi moja lilipunguziwa dawa taratibu, bila kujua, kwa vidonge vilivyofanana na vya awali. Kuanguka kulipungua kwa asilimia 66. Kati ya matokeo ya mazoezi na ya nyumba niliyoyataja, hakuna yanayokaribia hapo.

Halafu soma mstari unaofuata. Mwezi mmoja baada ya jaribio kwisha, karibu nusu ya walioachishwa kabisa walikuwa wamezirudia dawa zao. Ukiongeza kwamba majaribio ya mapitio ya dawa kwa ujumla, yaani kumpa daktari au mfamasia orodha nzima aitazame, yameleta matokeo ya kupishana, unaona tatizo liko wapi. Kujua dawa ipi inamyumbisha mzee si kazi ngumu. Kumtoa kwenye dawa aliyoizoea miaka kumi ndiyo kazi.

Za kuziangalia kwanza ni za usingizi na wasiwasi, hasa kundi la benzodiazepini, za sonona, za magonjwa ya akili, za maumivu makali zenye asili ya afyuni, na zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi. Za presha nazo zitazamwe, lakini kwa kipimo: mzee alale kwa dakika chache, apimwe, asimame, apimwe tena ndani ya dakika tatu. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, kusimama kwenyewe kunamhatarisha, na daktari anapaswa kujua.

Muda. Kupunguza dawa ya usingizi kunaweza kuchukua wiki nyingi au miezi. Faida hufuata mwili unaposafishika.

Mzigo. Kwa familia ni mdogo: kusanya kila kidonge kilichomo ndani ya nyumba, pamoja na vya dukani na vya kuazima kwa jirani, utie kwenye mfuko mmoja, uupeleke kwa daktari. Kwa mzee mzigo ni usiku wa kukosa usingizi, na huo si mdogo.

Madhara. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko njia zote nne. Benzodiazepini zikikatwa ghafla zinaweza kuleta degedege. Dawa ya sonona ikiondolewa kwa pupa, ugonjwa hurudi. Mtu wa familia asimwachishe mzee dawa yoyote kwa uamuzi wake.

Inayemfaa. Anayetumia dawa nyingi, anayetumia walau moja ya zile nilizotaja, au aliyeanza kuyumba baada ya dawa mpya kuongezwa au dozi kupandishwa.

## Uchunguzi kamili wa vihatarishi

Ushahidi. Wazo ni la Mary Tinetti wa Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1988 alionyesha kuwa uwezekano wa kuanguka hupanda kadiri vihatarishi vinavyolundikana: asilimia 8 kwa asiye na hata kimoja, asilimia 78 kwa mwenye vinne au zaidi. Kama sababu ni nyingi, basi zichunguzwe zote na kila moja itibiwe. Mwaka 1994 alilijaribu hilo kwa watu 301. Katika mwaka mmoja asilimia 35 ya waliohudumiwa hivyo walianguka, dhidi ya asilimia 47 ya wengine. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yalipata punguzo la asilimia 23 la matukio ya kuanguka.

Kisha yakaja majaribio makubwa yakatia maji. PreFIT nimeshaitaja. Jaribio la Marekani liitwalo STRIDE, lililochapishwa mwaka huohuo wa 2020, lilifuata watu 5,451 wa miaka 70 na zaidi waliokuwa hatarini. Manesi waliofunzwa waliwachunguza na kupanga nao hatua za kuchukua. Majeraha makubwa yalipungua kwa asilimia 8, kiasi ambacho hakikutosha kuondoa uwezekano wa bahati nasibu.

Mimi nayasoma hivi: uchunguzi wenyewe hauzuii kitu. Karatasi iliyoandikwa "apewe rufaa ya fiziotherapia" haina mguu wala mkono. Kadiri umbali unavyoongezeka kati ya anayegundua tatizo na anayelitibu, ndivyo faida inavyovuja njiani. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 kuhusu kuzuia kuanguka bado unaupendekeza, ila kwa walio katika hatari kubwa tu.

Muda. Inategemea ni nini kitagunduliwa. Tatizo la mapigo ya moyo linaweza kutibiwa haraka. Udhaifu wa misuli unakurudisha kwenye miezi ya mazoezi.

Mzigo. Mkubwa kuliko yote: miadi, vipimo, wataalamu kadhaa, na mtu wa familia wa kufuatilia kila rufaa. Asipokuwepo mfuatiliaji, sioni sababu ya kuanza.

Madhara. Kuchoka. Na wingi wa mapendekezo: mzee akipewa mambo tisa ya kufanya, anaweza kuacha yote.

Inayemfaa. Aliyeanguka mara mbili au zaidi kwa mwaka, aliyeumia, aliyezimia, aliyeshindwa kuinuka sakafuni, au aliyedhoofika kwa ujumla.

## Na macho, na vitamini?

Upasuaji wa mtoto wa jicho kwa jicho la kwanza una ushahidi mzuri: jaribio la Nottingham la mwaka 2005, kwa wanawake wa zaidi ya miaka 70, lilipata kuanguka kukipungua kwa asilimia 34 kwa waliofanyiwa upasuaji mapema. Usisubiri. Miwani mipya ni habari nyingine. Katika jaribio moja la Australia, waliopimwa macho na kupewa miwani mipya walianguka zaidi, pengine kwa sababu ubongo unahitaji muda kuizoea. Mzee akibadilishiwa miwani, awe mwangalifu kwenye ngazi wiki za mwanzo.

Vitamini D haipunguzi kuanguka kwa wazee wa kawaida wasio na upungufu. Dozi kubwa inaweza hata kudhuru: wanawake waliopewa uniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka, katika utafiti wa Australia wa mwaka 2010, walianguka na kuvunjika mifupa zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

## Mzee wako ni yupi?

Kabla ya kuchagua, muulize maswali matatu. Umeanguka mwaka huu? Unajihisi huna uthabiti ukisimama au kutembea? Unaogopa kuanguka? Swali la kwanza liulize kwa upole na urudie kwa maneno mengine, kwa kuwa wazee wengi huficha wakiogopa kunyang'anywa uhuru wao. Kisha mtazame: akae kitini, ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi. Ikimchukua sekunde 12 au zaidi, hatari ipo.

Majibu yote ni hapana na anatembea vizuri. Mazoezi, na yawe ya kusimama. Fedha za ukarabati wa bafu zinaweza kusubiri.

Ameanguka mara moja bila kuumia, ila anatembea polepole. Mazoezi chini ya mfiziotherapia, na kabla ya hapo presha ya kulala na kusimama ipimwe. Dawa zitazamwe siku hiyohiyo.

Anatumia dawa za usingizi, na ameanza kuyumba. Anza na daktari aliyemwandikia dawa. Wakati dawa inapunguzwa polepole, weka taa njia ya chooni, kwani atakuwa macho usiku.

Ameanguka mara mbili au zaidi, au alizimia. Uchunguzi kamili, na mtu mmoja wa familia ateuliwe kwa jina kufuatilia. Kuzimia hakusubiri zamu. Ni suala la moyo hadi ithibitike vinginevyo.

Ametoka hospitalini wiki hii. Nyumba kwanza, dawa za hospitalini zilinganishwe na za zamani, mazoezi yaanze akiwa na msimamizi.

Ana tatizo kubwa la kumbukumbu. Usitegemee atakumbuka maelekezo. Nyumba na dawa ndizo zinazoshikika. Mazoezi yawezekana mtu akifanya naye.

Hajaumia lakini hofu imemfungia ndani. Kumzuia asitoke kunamaliza misuli aliyobakiwa nayo. Mazoezi ya kikundi, kama yapo, humfaa kuliko ya peke yake.

Anakataa kila kitu. Mwulize ni jambo gani angependa kuendelea kulifanya kwa mikono yake, kisha chagua njia inayolihudumia hilo. Neno "kuanguka" si lazima litajwe.

Anaishi peke yake. Ongeza jambo lisilo kwenye ulinganisho huu: ajifunze kuinuka sakafuni na mtaalamu, angali mzima. Anajigeuza ubavu, anakwenda kwa mikono na magoti hadi kwenye kiti imara, anaweka mikono juu ya kiti, anatanguliza mguu wenye nguvu, anainuka na kuketi. Akisikia maumivu makali ya nyonga, asijaribu. Simu iwe mahali anapoweza kuifikia akiwa amelala chini: mfukoni, au kwenye rafu ya chini kabisa.